Tutafute mnunuzi kabla ya mzinga



Wengi wenu mlioko ughaibuni mnatuandikia mkitaka kufanya jambo la maana Kibondo au Kasulu. Mwingine anapenda misitu, mwingine ushonaji, na waliokulia kwenye miyombo wanataja nyuki kabla ya yote. Shauku hiyo ni mtaji. Tunaamini hudumu inapokubali kuongozwa na watu walioko kazini.

Mfano mkubwa uko mkoani kwetu Kigoma. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960 kwa sababu ya mapenzi yake kwa wanyama. Miaka thelathini hivi baadaye, akiwa kwenye ndege ndogo, aliona vilima vinavyoizunguka hifadhi ya Gombe vimekwisha miti. Akatambua kwamba sokwe hawatanusurika iwapo majirani zao hawana njia ya kuishi. Mwaka 1994 taasisi yake ilianzisha mpango wa TACARE, na Watanzania wakatumwa vijijini kuwauliza wananchi wanahitaji nini kwanza. Walitaja chakula, afya na shule. Kazi ikaanzia hapo, ndiyo maana haikuzikwa naye alipofariki Oktoba 2025.

Sasa tutazame asali kwa jicho hilo hilo. Tanzania hutajwa kuwa ya pili Afrika kwa uzalishaji, nyuma ya Ethiopia, na wazee wetu wamerina tangu zamani kwenye mizinga ya magogo na magome. Sisi tulioko ughaibuni huchanga fedha, tukanunua mizinga ya mbao, tukapokea picha za makabidhiano, tukaridhika. Lakini mizinga mingine hukaa mitupu kwa sababu nyuki hawakuingia. Asali iliyorinwa kwa moto mkali hunuka moshi. Iliyotolewa kabla masega hayajafunikwa huwa na maji mengi, ikachacha. Na mrinaji asiye na mnunuzi wa uhakika hana sababu ya kusubiri masega yakomae. Huuza kwa dumu, kwa bei atakayotaja mpita njia.

Hapo ndipo tunapohitajika. Tunaishi karibu na maduka na walaji ambao mrinaji wa Kasulu hawezi kuwafikia. Tunaweza kuuliza wanataka chupa gani, vipimo gani vya maabara, kiasi gani kwa msimu, kisha tukapeleka majibu kijijini yakiambatana na malipo ya awali. Utaalamu upo: maafisa nyuki wa halmashauri, SIDO kwa usindikaji, TBS kwa nembo ya ubora, na mradi wa ufugaji nyuki wa BEVAC, unaofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, ambao umefanya kazi Kigoma kuanzia uzalishaji hadi soko. Tushirikiane nao badala ya kuanzisha kikundi kingine chenye jina letu.

Tusione haya kutafuta faida. Mradi unaotegemea michango yetu utakufa siku tutakapochoka, na atakayeumia ni yule aliyeacha shamba lake akatuamini. Mrinaji akilipwa vizuri ana sababu ya kuulinda mti unaochanua, na msitu tunaoupenda unapata mlinzi anayeishi humo humo.

Kwa hiyo, kabla hujatuma fedha ya mzinga, zungumza na kikundi kimoja cha warinaji, kisha tafuta mnunuzi mmoja atakayekubali bei na kiasi kwa maandishi. Ukimpata, hata wa ndoo chache, tuandikie. Tutamkutanisha na warinaji kabla ya msimu mkubwa wa katikati ya mwaka.

Mhariri