Tovuti tatu chini ya paa moja

Swali la wiki hii limetufikia kutoka Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika. Mzee wetu mmoja aeleza kwamba kijana wake aliyeko Dar es Salaam amefungua tovuti tatu: ya duka la familia la dagaa na migebuka, ya shule, na ya madrasa. Kila moja hulipiwa kwa kampuni yake, na nywila zote anazo kijana peke yake. Mzee auliza kama haziwezi kukaa pamoja, gharama ipungue.

Zaweza. Ila tutenganishe mambo mawili. Jina la tovuti, liwe la co.tz kwa biashara, or.tz kwa taasisi au sc.tz kwa shule, ni mfano wa leseni: husajiliwa kwa mwenyewe na kulipiwa kwa muda maalumu. Seva inayohifadhi kurasa ni nyumba ya kupanga, na nyumba moja yaweza kuwa na milango mitatu, kila mlango na kibao chake.

Kazi hiyo hufanywa ndani ya paneli ya kudhibiti. Iliyozoeleka ni cPanel. Kijana ahakikishe kwanza kwamba kifurushi alicholipia kinaruhusu majina zaidi ya moja. Kisha, katika sehemu ya vikoa, yaani majina hayo, aongeze la pili na la tatu, kila moja kwa folda yake. Akiulizwa kama jina jipya litumie folda ya jina la kwanza, akatae, asije mzazi akatafuta ratiba ya madrasa akakutana na bei ya dagaa. Akishahamisha kurasa na barua pepe, ndipo abadilishe seva za majina pale kila jina liliposajiliwa. Mabadiliko huweza kuchukua saa kadhaa, hata siku mbili. Akaunti za zamani asizifunge mapema.

Paa moja lina hatari yake. Mdukuzi akiingia kupitia tovuti moja iliyoachwa bila kusasishwa, hupita kirahisi hadi nyingine. Kama ile ya shule ina taarifa za watoto, sisi tungeiacha kwenye akaunti yake, gharama na iwepo. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Lakini kilichotushughulisha zaidi katika barua ile si folda. Majina yote matatu yamesajiliwa kwa jina la kijana na barua pepe yake. Akiugua au akisafiri, ilani ya kulipia humwendea yeye tu, na jina lisipolipiwa hatimaye huwa huru kwa yeyote. Tuliwahi kuombwa msaada na jumuiya moja iliyochelewa hivyo: tovuti yao ilikuwa ikionesha kamari, ilhali vipeperushi vyenye anwani ile vilikuwa bado vimebandikwa milangoni mwa misikiti.

Basi jina la madrasa liandikwe kwa madrasa yenyewe, na barua pepe ya usajili iwe ya kamati. Wala isiwe ile inayotumia jina hilohilo, kwani jina likikatika nayo hukatika. Tarehe ya mwisho wa malipo iwemo katika daftari la mweka hazina, na nywila ijulikane na watu wawili. Mzee wetu aanze na hilo wiki hii. La dagaa laweza kumngoja kijana arudi likizo.