GPS ya Chama: Tununue Ipi?

Ndugu wanachama wa Kasese na Bwera,

Swali la kununua chombo cha GPS limeletwa katika mikutano ya matawi yetu yote mawili, na kila mtu ana shauri lake. Wako wanaotaka chombo chenye kioo kikubwa cha rangi. Wako wanaosema kila mtu siku hizi ana simu, kwa hiyo fedha za chama zisiguswe. Sisi tulio katika kazi ya kuwaunganisha wafanyakazi tunaona kwamba pande zote mbili zimeacha jambo lenyewe. Jambo lenyewe ni hili: mwenye kushika kipimo ndiye mwenye kushika malipo. Kipimo kikiwa mikononi mwa mnunuzi wa kahawa au mwenye shamba peke yake, kazi yetu sisi itakuwa kuambiwa tu. Basi chombo kinachotufaa ni kile ambacho mwanachama wa kawaida anaweza kukitia nguvu, kukisoma na kukielewa bila kumwita mtu wa nje.

Mtu anaweza kuuliza, haraka ya nini? Haraka ipo, na sababu zake ni tatu.

Ya kwanza ni kahawa. Umoja wa Ulaya ulitunga sheria mwaka 2023, Namba 2023/1115, inayokataza kuuza huko kahawa na kakao iliyolimwa mahali palipokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake uliahirishwa mwaka 2024, ukaahirishwa tena mwaka 2025, lakini wanunuzi hawakungoja. Makarani wao wamekwisha kupita vilimani wakichukua namba za mashamba. Mkulima anasimama mbele ya mti wake wa kahawa, karani anabonyeza, anaandika, anaondoka. Namba imekwenda na karani. Mkulima hakuachiwa hata karatasi. Kesho akiambiwa kwamba shamba lake limeonekana ndani ya msitu, atajibu kwa nini?

Ya pili ni mafuriko. Mwezi Mei 2013 mto Nyamwamba ulishuka na mawe ukaharibu Kilembe na kufika mjini Kasese. Mwezi Mei 2020 ulirudi, pamoja na mito mingine ya wilaya. Mto ukihama huondoka na miti ya mpaka na mawe ya alama, na baada ya maji kukauka jirani hugombana na jirani. Familia iliyoandika namba za pembe za shamba lake kabla ya mvua ina neno la kusema mbele ya baraza.

Ya tatu ni ujira. Vibarua wengi wanalipwa kwa kipande, yaani kwa ukubwa wa eneo walilolima au kupalilia, na anayepima ni msimamizi kwa fimbo yake mwenyewe. Tutalirudia hili baadaye, maana GPS ina faida yake hapa na pia ina hatari yake.

Sasa tuseme GPS ni nini, kwa sababu tumesikia mengi yasiyo kweli. Chombo hiki husikiliza satelaiti zilizoko angani. Mfumo wenyewe ni wa Marekani na ulikamilika mwaka 1995. Zamani Wamarekani walikuwa wakiuharibu kidogo kwa makusudi ili raia wasipate mahali sawasawa, na kosa liliweza kufika mita 100. Waliacha kufanya hivyo mwezi Mei mwaka 2000. Leo vyombo vingi husikiliza pia satelaiti za Urusi, za Ulaya na za China. Kusikiliza ni bure. Hakuhitaji mtandao wa simu wala bando. Mtu akikuambia ulipe ada kila mwezi ili ujue mahali uliposimama, muulize vizuri anauza nini.

Kwa sababu hiyo hatuidharau simu. Simu nzuri nayo husikia satelaiti hata pasipo na mtandao, na kwa kuandika namba ya shamba moja inatosha. Lakini simu hiyo hiyo ndiyo ya kupigia, ya fedha na ya kumulika usiku. Betri yake ikiisha, vyote vimeisha. Mvua ikinyesha, unaificha. Na mara nyingi programu iliyomo ni ya mnunuzi, kwa hiyo unachopima kinakwenda kwake kwanza. Chombo cha mkono ni kigumu, hakiogopi mvua, na wengine wote wakiondoka namba zinabaki ndani yake.

Tuje kwenye nguvu, maana hapo ndipo vyombo vingi hufa. Kuna aina mbili. Aina ya kwanza hutumia betri mbili za AA, zile ndogo za tochi na redio. Mfano wake ni eTrex 22x ya kampuni ya Garmin, ambayo kiwanda kinasema hufanya kazi kwa saa 25. Aina ya pili ina betri ya ndani inayochajiwa kwa waya. Mfano wake ni GPSMAP 67 iliyotoka mwaka 2023, na kiwanda kinasema hufika saa 180. Ukiangalia hesabu tu utachagua ya pili. Lakini angalia pia maisha yetu. Umeme ukikatika kwa siku kadhaa, chombo cha betri ya ndani kinangoja umeme au paneli ya jua. Betri ya ndani ikizeeka baada ya miaka, kuibadilisha ni kazi ya fundi. Betri za AA unazipata dukani Bwera, Mpondwe na Kasese, na unazibadilisha mwenyewe chini ya mti.

Wenzetu wapagazi na waongozaji wa mlima wapige hesabu pamoja nasi. Safari ya kupanda kutoka Nyakalengija na kuzunguka huchukua kama siku 7. Ukiwasha chombo saa 8 kwa siku, ni saa 56. Kwa chombo cha saa 25 utahitaji jozi tatu za betri, na jozi ya nne ya akiba, kwa sababu baridi hula betri. Kule juu ya barafu, na kilele cha Margherita kina mita 5,109, betri za kawaida za alkali hudhoofika upesi. Za lithiamu huvumilia zaidi, ingawa bei yake ni kubwa. Weka betri za akiba ndani ya nguo, karibu na mwili, si mfuko wa nje wa mzigo.

Kwa kazi ya kila siku bondeni, shauri letu ni betri za AA za kuchajiwa tena, jozi nne kwa kila tawi, na chaja moja inayokubali umeme wa ukutani na wa jua. Betri za bei rahisi sana za redio tuziache. Hufa kabla ya saa sita mchana. Kumbuka kukiambia chombo, kwenye orodha yake, aina ya betri uliyotia; usipofanya hivyo kitakudanganya juu ya nguvu iliyobaki. Na kikirudi kabatini kwa wiki nyingi, toa betri. Betri inayovuja hula chuma cha ndani, na hapo fedha za wanachama zimekwenda.

Baada ya nguvu ni ramani. Hapa wengi hununua kwa macho. Ramani inayokuja ndani ya chombo kutoka kiwandani mara nyingi ni nyembamba: barabara kuu, miji mikubwa, basi. Chombo kilichouzwa Ulaya huja na ramani nzuri ya Ulaya, na ramani hiyo haina kazi hapa Bwera. Kwa hiyo ukifika dukani uliza maswali mawili. Je, kina mahali pa kutia kadi ndogo? Je, kinakubali ramani ya kuongeza? Vipo vya bei ya chini visivyokubali. Kikikubali, ziko ramani za OpenStreetMap, zinazochorwa na watu wa kujitolea duniani kote, ambazo hupatikana bila malipo. Kijana mmoja wa tawi mwenye kompyuta anaweza kuziweka.

Lakini tusiiabudu ramani. Mstari wa mpaka wa hifadhi unaouona kwenye kioo, iwe ya Rwenzori iliyotangazwa mwaka 1991 au ya Queen Elizabeth ya mwaka 1952, ni mchoro tu. Mpaka wa kisheria uko katika vipimo vya serikali na alama zake ardhini. Asije mtu akafukuzwa shambani kwa sababu ya rangi ya kijani kwenye kioo, na asije mwanachama akaingia hifadhini kwa sababu kioo kilimwambia ni salama.

Sasa tunafika mahali ambapo hakuna muuzaji anayetueleza, na ambapo wilaya yetu ina shida yake ya pekee. Ramani za zamani za serikali, zile za kipimo cha 1:50,000, zilichorwa kwa msingi unaoitwa Arc 1960. GPS yenyewe hutumia msingi wa WGS 84. Ukichukua namba ya msingi mmoja ukaiweka kwenye ramani ya msingi mwingine bila kubadilisha, mahali panahama karibu mita 300 kaskazini au kusini. Mita 300 kwenye ukingo wa hifadhi ni mashamba ya familia kadhaa.

Tena, wapimaji hupenda kutumia mfumo wa UTM, ambao hugawa dunia katika kanda. Mstari wa longitudo 30 unaotenga kanda ya 35 na ya 36 unapita katika wilaya yetu. Mji wa Kasese uko kanda ya 36, Bwera iko kanda ya 35. Namba ya Bwera ikisomwa kana kwamba ni ya kanda ya Kasese, shamba linaruka mamia ya kilomita. Na ikweta nayo inapita hapa hapa, karibu na Kikorongo. Bwera iko kaskazini yake, Katwe kwenye chumvi iko kusini. Ukisahau kuandika herufi ya kusini, Katwe inahama karibu kilomita 30 na kuacha ziwa lake nyuma.

Kwa hiyo tukubaliane matawi yote mawili: tuandike latitudo na longitudo kwa nyuzi zenye nukta, kwa msingi wa WGS 84, pamoja na herufi ya kaskazini au kusini. Namna hii haina kanda. Ndiyo pia inayotakiwa na sheria ile ya Ulaya, yenye tarakimu sita baada ya nukta. Shamba lisilozidi hekta 4 linatosha nukta moja. Kubwa kuliko hapo huzungukwa mpaka wote.

Mwisho, tujue mipaka ya chombo chenyewe. Mahali pa wazi chombo cha mkono hukosea mita 3 hadi 5. Chini ya migomba na kahawa, au ndani ya bonde jembamba kama Kilembe, hukosea zaidi. Shamba la eka 10 lina upande wa mita 200 hivi, na mita 3 hapo ni kitu kidogo. Lakini kipande cha robo eka kina upande wa mita 32. Mita 3 zikiongezeka upande mmoja, kibarua amelima karibu sehemu moja katika kumi bila ujira. Hivyo msimamizi akija na GPS kupima kipande kidogo, tukatae kwa adabu, tudai futi kamba, na mwanachama mmoja ashike ncha ya pili. GPS ni ya mashamba makubwa, pembe za mipaka na njia za mlimani.

Tunapendekeza basi kwa mkutano ujao: kila tawi linunue chombo kimoja cha betri za AA, chenye vitufe vinavyobonyezeka kwa mikono yenye udongo, na chenye nafasi ya kadi. Kikae ofisini kwa karani, kitoke kwa sahihi na kirudi kwa sahihi. Wanachama sita wa kila tawi, wanawake wakiwemo, wafundishwe kukitumia, wasiwe wawili tu. Na liwepo daftari, la karatasi na la wino, ambamo namba za kila mwanachama zitaandikwa, naye apewe nakala yake.

Karani wa mnunuzi akija tena, mkulima atoe karatasi yake na kulinganisha. Namba zikipishana, wapime tena wakiwa pamoja, na asiweke sahihi kabla hawajapatana.

Umoja ni nguvu.