Picha ya Babu Katika Somo la Historia

Imekuwa desturi yetu sisi walimu kuanza somo la historia kwa tarehe, na kuwaacha watoto wazikariri pasipo kuona sura ya mtu hata mmoja. Twaona kuwa katika shule za Mpanda na Mkoa wote wa Katavi yafaa kuanza na sura: picha ya mzee, iliyopigwa studio au uani, ambayo jamaa zake wameitunza sandukuni.

Mwalimu na aiweke picha mbele ya darasa, kisha aulize kwa utaratibu. Ni nani huyu? Amevaa nini? Ameshika nini? Ni nani aliyeamua asimame hivyo? Swali hili la mwisho lisiachwe, maana ziko studio zilizowaazima wateja koti na saa, na picha huweza kudanganya. Baadaye mtoto amwulize bibi yake jina la ukoo, na maneno ya Kibende, Kipimbwe au Kikonongo ambayo yeye mwenyewe hayajui. Urithi haumo katika karatasi. Umo katika mazungumzo yanayoamshwa na karatasi hiyo.

Lakini hapana budi tutahadhari. Wako watoto wasio na picha. Makazi ya Katumba na Mishamo yaliwapokea watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, na akimbiaye kuokoa roho hachukui albamu. Mwaka 2014 watu zaidi ya 162,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu, mkoani Tabora, walipewa uraia wa Tanzania. Mjukuu wao akiamriwa mbele ya wenzake alete picha ya babu, somo la urithi litageuka kuwa fedheha.

Kwa hiyo tusiamuru, bali tualike. Asiye na picha ya kale amchore bibi aliye hai, au mwalimu ampige bibi huyo picha kwa simu, kwa ridhaa yake. Kisha jina, mahali na mwaka viandikwe. Picha isiyo na jina, baada ya kizazi kimoja, huwa picha ya mgeni.

Ndugu wanachuo, kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, anzeni na picha za nyumbani kwenu. Mwalimu asiyemjua aliyesimama kando ya babu yake, atamhimizaje mtoto amtafute wa kwake?