Goti si tairi

Kila Jumapili alfajiri vikundi vya watu wa futing hupita katika barabara za Lubumbashi wakiimba, na hakosekani mtu mzima wa kusimama mlangoni na kuwaonya: «Magoti itaisha!» Nyumbani kwetu mwonyaji ni baba mdogo. Hajakimbia tangu alipomaliza shule, na leo hapandi ngazi bila kushika ukuta.

Naona kosa linaanzia kwenye lugha, ndiyo maana naliandikia hapa. Kifaransa cha hospitali hueleza artrozi kwa neno «usure». Sisi tukalitafsiri «kuchakaa», na papo hapo goti likawa tairi: kila kilomita inapunguza kitu. Lakini gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, ni kitu hai. Halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa kiungo, unaoingia na kutoka gegedu linapobanwa na kuachiwa, kama sifongo. Mguu usiotembea hulinyima chakula. Tairi gani hushiba kwa kuzunguka?

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta artrozi ya goti na nyonga kwa asilimia 3.5 ya wanaokimbia kwa kujifurahisha, 10.2 ya wasiokimbia, na 13.3 ya wakimbiaji wa mashindano. Mpinzani atasema mwenye goti bovu huacha mbio, kwa hiyo hahesabiwi. Ni kweli, na sidai kwamba mbio ni dawa. Hata hiyo namba ya tatu tusiifiche. Lakini kama kila kilomita ingelila goti, mkimbiaji wa Jumapili angekuwa katikati ya hao wawili, si chini yao wote.

Vinavyoharibu goti vinajulikana: umri, uzito mkubwa, na jeraha la zamani, hasa lile la mpira linalofungwa kitambaa, kisha mchezaji akarudi uwanjani wiki ileile. (Vijana wa mwaka wa kwanza, mnanisikia?)

Daktari alimwambia baba mdogo atembee kila siku. Yeye hujibu kwamba kilichochakaa hakitengenezwi kwa kutumiwa, na kwa neno tulilompa, jibu lake ni sahihi kabisa. Ninaomba walimu wetu wa tafsiri walifute. «Ugonjwa wa gegedu» ni jina refu na halina utamu, lakini halimwambii mgonjwa akae chini.