Kilo ya sukari kwa watu sita



Ijumaa iliyopita, baada ya Swala, nilipita kumjulia hali mzee jirani yangu ambaye ameanza kumeza vidonge vya kisukari hivi karibuni. Nilimkuta na mshangao mkubwa kuliko huzuni. Kwa takriban miaka ishirini alikuwa amejilazimisha kufuata nasaha aliyopewa: aliacha ngozi ya kuku, aliacha nyama ya mafuta, na hata yai alilila kwa kujiiba.

“Mwanangu,” aliniambia, “mafuta nimeyaacha yote. Hiki kisukari kimeingilia mlango gani?”

Nikamuuliza kwa adabu: “Mzee wangu, chai ulikuwa ukiitia vijiko vingapi?”

“Vitatu.”

“Na kwa siku vikombe vingapi?”

Alimtazama mkewe, wakacheka wote wawili. “Vinne, pengine vitano. Lakini sukari hakuna aliyenikataza mpaka mwaka huu.”

Siwezi kudai kuwa sukari pekee ndiyo iliyomletea maradhi. Nasaba, unene na kukaa bila kuushughulisha mwili vina sehemu yao. Hata hivyo, neno lake la mwisho limenikaa moyoni: kwa nini mafuta yalikatazwa kwa sauti kubwa, na sukari ikaachwa ikae mezani kama mgeni mwema?

Jibu lina historia yake. Katika miaka ya 1950 na 1960, maradhi ya moyo yalikuwa yakiua watu wengi nchini Marekani, na wataalamu walikuwa wakitafuta chanzo. Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliyanyooshea kidole mafuta, hasa ya wanyama. Huko London, Profesa John Yudkin alisema kuwa sukari nayo inastahiki kushtakiwa, na mwaka 1972 akatoa kitabu cha kuutahadharisha umma. Rai ya Keys ndiyo iliyoshika, naye Yudkin akabezwa.

Kabla ya hapo, mwaka 1967, watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha katika jarida mashuhuri la tiba mapitio ya tafiti zilizokuwapo. Mapitio hayo yalipunguza uzito wa hoja dhidi ya sukari na kuyabebesha mafuta lawama. Wasomaji hawakuelezwa kuwa kazi hiyo ililipiwa na Sugar Research Foundation, taasisi ya wafanyabiashara wa sukari, kwa dola 6,500 za wakati ule. Siri hiyo ilianikwa mwaka 2016, pale Cristin Kearns, ambaye ni daktari wa meno, na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walipochapisha yaliyomo katika barua za zamani za taasisi hiyo.

Uadilifu unatutaka tuseme yote. Zama zile majarida hayakuwa na sharti la mwandishi kumtaja aliyemlipa. Tena, ushahidi kwamba mafuta mengi ya wanyama hupandisha lehemu mbaya katika damu umesimama mpaka leo. Basi asije mtu akarejea kwenye samli kwa pupa. Lakini mizani iliyowekewa kidole upande mmoja haipimi sawa. Na chakula kikiondolewa mafuta hupungua ladha, na viwanda vingi viliirudisha ladha hiyo kwa sukari. Soma ubavuni mwa kikopo cha mtindi wa matunda ulioandikwa kuwa hauna mafuta, utaona mwenyewe.

Leo kauli imebadilika. Mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani lilielekeza kuwa sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na likasema kuwa kushuka chini ya asilimia 5 kuna manufaa zaidi. Kwa mtu mzima wa kawaida, kiwango cha kwanza ni kama gramu 50, yaani vijiko 12 vya chai. Cha pili ni kama gramu 25, yaani vijiko sita. Hesabu hiyo inaingiza asali na juisi, ila haiingizi tunda zima linalotafunwa pamoja na nyuzinyuzi zake. Kwa watoto, Jumuiya ya Moyo ya Marekani ilisema mwaka 2016 kuwa wa miaka miwili hadi 18 wasifikishe gramu 25 kwa siku, na walio chini ya miaka miwili wasipewe kabisa.

Sasa, mama wa nyumbani, nenda jikoni ukachukue kopo la sukari tuhesabu pamoja. Kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kina gramu nne hivi, kwa hiyo kilo moja ni vijiko 250. Nyumba ya watu sita inayomaliza kilo mbili kwa wiki imetumia vijiko 500. Gawanya kwa siku saba, kisha kwa watu sita: karibu vijiko 12 kwa kila mtu, kila siku. Mmekwisha fika ukingoni, na bado hamjahesabu soda, biskuti, jemu wala kaimati za dukani. Soda moja ya mililita 300 peke yake hubeba gramu 30 au zaidi, yaani vijiko saba na ushei. Lakini nyumba hiyohiyo ikitumia kilo moja kwa wiki, kila mmoja amepata vijiko sita. Hapo ndipo pa kulenga.

Madhara ya kuzidisha hayaanzii hospitali. Huanzia katika meno ya mtoto. Kisha nusu ya sukari tunayoila, ile iitwayo fruktosi, kwa sehemu kubwa hushughulikiwa na ini, na ikizidi ini huigeuza kuwa mafuta. Mtu akakimbia mafuta sahanini, akayatengeneza tumboni mwake! Vinywaji vitamu ndivyo vibaya zaidi, kwa sababu hupita bila kushibisha, na unywaji wake wa kila siku umehusishwa na unene na kisukari cha ukubwani. Kisukari kisipodhibitiwa hudhuru macho, figo na miguu.

Tufanye nini? Tupunguze kwa hatua. Anayetia vijiko vitatu atie viwili na nusu wiki hii, viwili baada ya wiki mbili, ulimi huzoea. Chai ipewe iliki, tangawizi au mdalasini ili harufu ifidie utamu. Wakati wa kufuturu, tende na maji vitangulie, na juisi ya ukwaju isitiwe sukari kwa kikombe. Soda isiwe kinywaji cha kila siku cha watoto, wala isifanywe zawadi ya kumaliza juzuu. Mtoto aliyehifadhi apewe tunda, kitabu au dua. Asali ina heshima yake kwetu kama ponyo, na dawa huchukuliwa kwa kipimo.

Kuna tahadhari moja. Kuhoji nasaha si kuitupa tiba. Tumeamrishwa kuihakiki habari kabla ya kuifanyia kazi, na amri hiyo inauhusu ujumbe wa simu unaodai kuwa majani fulani yanaponya kisukari kwa siku saba kama inavyomhusu mtaalamu aliyelipwa na mwenye kiwanda. Anayetumia vidonge au sindano za kisukari asibadilishe mlo wake kwa ghafla wala asianze kufunga bila kushauriana na daktari wake, kwani sukari ya mwili ikishuka mno ni hatari ya papo hapo.

Dini yetu ilitufundisha kukataa israfu katika kula na kunywa kabla ya maabara yoyote kujengwa. Mzee jirani yangu sasa anatia nusu kijiko. Juzi alinituma nimwambie kila mwenye wajukuu: “Wahesabieni vijiko mapema, mimi nimehesabiwa nikiwa nimechelewa.” Amana hiyo nimeifikisha.

Wabillahi tawfiq.