Mshahara wa Ughaibuni Usihesabiwe kwa Shilingi

Kijana wa Kitanzania akipata barua ya ajira kutoka Uingereza, hesabu yake mara nyingi ni moja tu: huuzidisha mshahara kwa shilingi, na jioni hiyo hiyo jamaa huanza kugawana fedha zisizokuwapo bado. Hesabu hiyo ni ya uongo, na mzigo wake humwangukia yeye mwenyewe.

Tuchukue paundi 30,000 kwa mwaka, mjini London. Paundi 12,570 za kwanza hazitozwi kodi ya mapato. Zilizobaki hutozwa asilimia 20, yaani paundi 3,486. Bima ya Taifa nayo huchukua asilimia 8 ya kiasi hicho hicho, paundi zipatazo 1,394. Hivyo paundi 2,500 za mwezi hubaki 2,093, kabla ya makato ya pensheni. Kisha ipo kodi ya halmashauri, ambayo kwa kawaida hulipwa na anayeishi ndani ya nyumba, hata akiwa mpangaji, na ambayo hukadiriwa kwa thamani ya nyumba ilivyokuwa mwaka 1991! Bado pango, bado nauli, bado joto. Na mtu aliyekulia Tanga hajapata kufikiri kwamba joto nalo hununuliwa.

Hatusemi kodi ni dhuluma. Hapa kwetu pia mshahara unaozidi shilingi 270,000 kwa mwezi hukatwa, na sehemu inayozidi milioni moja hutozwa asilimia 30. Linaloudhi ni jingine. Tangu Februari 2024 mfanyakazi mgeni hudaiwa ada ya afya ya paundi 1,035 kwa kila mwaka wa viza yake, nayo hulipwa kabla hajasafiri. Wauguzi na wenzao wenye viza ya kazi za afya wamesamehewa. Fundi na mhasibu hawakusamehewa. Akifika, kodi yake huendesha hospitali zile zile, lakini akiachishwa kazi hana haki ya posho nyingi za umma. Huku ni kumkamua ng'ombe mmoja mara mbili na kumnyima majani.

Jambo moja limfae anayeondoka. Mwaka wa kodi wa Waingereza huanza tarehe 6 Aprili, na anayeanza kazi Oktoba kwa kawaida hustahili msamaha wa mwaka mzima. Akiona amekatwa zaidi, adai arudishiwe. Sheria humpa miaka minne baada ya mwaka huo wa kodi kwisha.