Waliocheza Mara Moja

Ipo hoja inayorudiwa sana katika mazungumzo ya sanaa za maonyesho, hata vinywani mwa watu tunaowategemea kuutunza utamaduni wa Taifa: kwamba mtu aliyeonekana katika filamu moja tu hastahili kuitwa mwigizaji. Huyo, husema, alibahatisha. Alikuwa yeye mwenyewe mbele ya kamera, akapewa ujira wake, akaenda zake. Hoja hii ni dhaifu, na madhara yake ni makubwa, kwa kuwa chini ya kivuli chake tumeacha kuandika majina ya watu.

Anayedhani ni kazi nyepesi kuwa wewe mwenyewe mbele ya kamera na aende Kariakoo, Mtaa wa Kongo, asubuhi. Atamkuta mchuuzi wa nguo anayenadi kwa sauti, kwa mikono na kwa mzaha hata wapita njia wakasahau safari zao. Amwombe ayarudie maneno yale yale mara saba, mbele ya taa kali na watu wanaomwamuru asiitazame kamera. Hodari wetu atakauka kama ubao. Yule mmoja asiyekauka ana kipaji, hata kama kesho yake atarudi kwenye nguo zake na asiitwe tena maishani.

Sisi washairi tunalijua jambo hili. Mtu aweza kutoa diwani tatu zisizokumbukwa, na mwingine akatunga shairi moja la arusi likaghaniwa miaka arobaini. Hakuna aliyewahi kumnyima wa pili jina la mshairi. Kwa nini basi senema iwe na mizani yake peke yake?

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilitengenezwa hapa Tanganyika filamu ya Muhogo Mchungu, hadithi ya mtu wa shamba anayeingia Dar es Salaam na fedha zake na kulaghaiwa na wajanja wa mjini. Nyota wake alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, wakati huo mtumishi wa ustawi wa jamii, baadaye Waziri Mkuu. Kawawa alicheza katika filamu zaidi ya moja, nasi tunamtaja kwa fahari. Lakini hadithi ya ulaghai haichezwi na mtu mmoja. Lazima awepo laghai mwenye tabasamu la kuaminika, na wapita njia wanaoona na kunyamaza. Hao hatuwataji tunapoisimulia filamu ile. Je, tungemtaja Kawawa mwenyewe kama asingeingia katika siasa? Nina shaka kubwa.

Wageni nao walitutendea vivyo hivyo, tena kwa dharau ya wazi. Filamu ya King Solomon's Mines ya mwaka 1950 ilipigwa picha Kenya, Uganda, Tanganyika na nchi jirani, ikapata tuzo mbili za Oscar. Ndani yake Siriaque alicheza Umbopa, mrithi wa ufalme anayerejea kwao akiwa ndani ya msafara wa Wazungu. Baziga alikuwa mfalme Twala, na Kimursi alikuwa Khiva. Aliyeiona filamu ile hasahau umbo la Siriaque na ukimya wake. Stewart Granger husema mengi zaidi na hubaki machache. Katika orodha ya wachezaji, Granger na Deborah Kerr waliandikwa majina yao. Waafrika hawa waliandikwa jina moja moja, na kando yake kabila, kama bidhaa inavyobandikwa mahali ilikotoka. Mwaka 1959 kampuni ile ile ilitoa filamu ya Watusi, ikazitumia tena picha zilizopigwa kwa ajili ya ile ya kwanza.

Linganisha na Italia. Mwaka 1952 Vittorio De Sica alimchukua Carlo Battisti, profesa wa isimu, asiyekuwa mwigizaji kabisa, akamfanya mzee mstaafu wa serikali ambaye pensheni haimtoshi kulipa kodi ya chumba. (Sisi watumishi tunaokaribia kustaafu tunamwelewa bila mkalimani.) Filamu ni Umberto D. Battisti hakucheza nyingine, na jina lake limo katika kila historia ya senema.

Wala tusiwatupie wakoloni lawama zote. Katika miaka ya 2000 na 2010 filamu zetu ziliwafikia wananchi hasa kupitia maduka ya Kariakoo, kwanza kwa kanda, kisha kwa diski. Juu ya jalada zilikaa sura mbili tatu maarufu. Mama aliyelia msibani katika onyesho moja, akawaliza watazamaji nchi nzima, hakuandikwa popote.

Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, namba 4 ya mwaka 1976, ilitupa Bodi ya kukagua filamu. Bodi hiyo isitoe kibali mpaka iletewe majina kamili ya kila aliyetamka neno, na nakala ipelekwe Nyaraka za Taifa. Na kwa filamu za zamani ambazo nakala zake zimesalia, zionyeshwe bila kiingilio katika ukumbi wa Arnautoglu, pale Mnazi Mmoja, wazee wa Kariakoo, Gerezani na Ilala wakiketi viti vya mbele, na karani awe kando na daftari. Mzee akinyoosha kidole na kusema, "Huyo alikuwa shemeji yangu," mashine isimamishwe, jina liandikwe, kisha filamu iendelee.